Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Nawashtaki Wakwepaji wa Ada wa Voi

Voi,
Kaunti ya Taita Taveta.

Kwa Gavana,
Benki Kuu ya Kenya,
Barabara ya Haile Selassie,
Nairobi.

Nakala: Waziri wa Fedha, Chama cha Mabenki.

Mheshimiwa Gavana,

KUH: WANANCHI KUTUMIA PESA ZAO BILA KUZILIPIA

Nakuandikia kutoka Voi, mji ambao wakubwa wengi huuona kwa dakika chache kupitia dirisha la treni ya Madaraka Express. Kuna uhalifu hapa kwetu, na nimeona nikinyamaza nitakuwa mshirika.

Kumezuka watu wanaokwepa ada ya kutoa pesa. Hawavunji mashine, hawaibi kadi, wala hawakupigii simu kudai wamekutumia pesa kimakosa. Wana shilingi 500 zao, na wanataka wakishazitoa wabaki na shilingi 500.

Usije ukasema nawasingizia watu. Hii hapa sheria wanayoivunja. Kwa bei za M-Pesa za Julai 2023, ukitoa kwa wakala kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500, unakatwa 29. Anayetoa kati ya 50,001 na 250,000 anakatwa 309. Kibarua wa shamba la katani Mwatate akitoa 200 za unga wa jioni, ameacha shilingi 14 na nusu katika kila mia. Tajiri akitoa 250,000 zake zote kwa mpigo, ameacha senti 12 katika kila mia. Kwa kipimo hicho kibarua analipa zaidi ya mara 100 ya tajiri. Mtu mwenye shukrani angefurahi kupewa nafasi ya kuwafadhili wenye nazo. Watu wa Voi wamekataa heshima hiyo, na badala yake wameketi kubuni hila.

Kundi la kwanza ni la wasubiri. Hawa wamegundua kwamba 29 ya kutoa 150 ndiyo 29 ileile ya kutoa 2,500. Mzalendo angetoa 500 mara tano na kulipa 145 bila kununa. Wao hukaa na njaa yao hadi salio lifike 2,500, wakatoa mara moja, kisha wakaficha keshi kwenye mkebe wa majani ya chai. Kwa miaka mingi mmewahubiria wananchi waache kuweka pesa chini ya godoro waje kwenye mfumo rasmi. Wamekuja, wamesoma bei, na wamerudi kwenye godoro wakiwa na elimu.

Kundi la pili ni la mia-mia. Kutuma shilingi 100 au chini ya hapo kwa M-Pesa ni bure, na habari hiyo imevuja. Anayepaswa kutuma 500 na kulipa 7 anatuma 100 mara tano na halipi chochote. Simu ya mpokeaji inalia mara tano, jirani anadhani kuna harambee.

Kundi la tatu linaongozwa na akina mama, ambao hukwepa ada kwa kuwatwika watoto wao. Mama wa Wundanyi anampigia mwanawe aliyeko Mombasa, anauliza hali, anauliza wajukuu, anaomba 1,000, na kabla ya kukata simu anaongeza: "Na ya kutoa, baba." Hapo ndipo nilipowavulia kofia walioandika hizo bei, kwa sababu mtego wao ni wa kitaalamu. Kutuma 1,000 ni shilingi 13. Ila mwana mwenye adabu atatuma 1,029, na kwa hizo 29 ameshavuka mstari na kuingia daraja linalofuata, ambako kutuma ni shilingi 23. Ili mama ashike noti ya 1,000 mkononi, mwana anaondokewa na 1,052. Amelipia kutuma, amelipia kutoa, na amelipia kutuma ile ya kutoa.

Kundi la nne ndilo hatari zaidi, nalo liko stendi ya Voi mchana kweupe. Makanga amejaza keshi mfukoni na anataka pesa ziwe kwenye simu amtumie mwenye gari hesabu ya siku. Mwalimu ana pesa kwenye simu na anataka keshi. Mwalimu anamtumia makanga 500 kwa shilingi 7, makanga anamhesabia noti, na kila mmoja anashika njia yake. Shilingi 22 zimepotea hapo, Mheshimiwa, na hakuna kamera iliyonasa tukio. Makanga huyu hana leseni ya uwakala. Hana hata kiti.

Kuna watakaosema hili ni jambo dogo kati ya mteja na kampuni. Ni kubwa. Kwa Sheria ya Fedha ya 2023, ada ya kuhamisha pesa hukatwa ushuru wa asilimia 15. Katika kila 29, karibu shilingi 4 ni za serikali. Mwalimu wa stendi akikwepa ada, anaikosesha nchi mapato, na bila mapato hayo sijui msafara wa kiongozi utajaza mafuta kwa pesa gani. Mwaka 2024 kulikuwa na mpango wa kuupandisha ushuru huo hadi asilimia 20, lakini vijana wakaingia barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa mwezi Juni. Tangu hapo wakwepaji wamekuwa na kiburi.

Nisije nikaonekana nawaonea watu wa simu peke yao, nigusie pia mashine za benki. Hizi zimejikusanya Voi na katika miji michache ya kaunti, kama watalii wanaoogopa kutoka nje ya geti. Anayeishi Rukanga, chini ya mlima Kasigau, analipa nauli hadi Maungu, kisha Voi, kisha anasimama foleni juani alipe ada, kisha alipe nauli ya kurudi. Kwa huyu, ada iliyoandikwa kwenye kioo ndiyo ndogo. Kubwa anaishika utingo. Akikuta mashine ya benki yake imelala, kama ilivyo kawaida ya mashine mwisho wa mwezi, anaingia ya benki nyingine, na huko atatozwa kwa kosa la ugeni. Hata kuuliza salio kuna bei katika benki nyingi. Kwa hiyo mwenye wasiwasi na akaunti yake analipa ili aambiwe kwamba iliyobaki haitoshi kutolewa. Na ikiwa iliyobaki ni 180, mashine haina sarafu. Ni zake, jina lake liko pale, ila kuzila hawezi.

Najua jibu lenu: acheni keshi, lipeni kwa simu. Serikali imetuonyesha mfano mzuri. Ukifika geti la Tsavo Mashariki na noti yako hutaingia. Simba wa pale hawapokei taslimu. Lakini mwaka 2014 serikali hiyohiyo iliagiza matatu ziache keshi, na hadi leo makanga wa Voi anakunja noti kati ya vidole vyake. Na Mama Mboga wa soko la Voi ukimlipa kwa simu, ada haijafa. Imehama kutoka kwako kwenda kwake, kwa sababu alfajiri lazima atoe pesa anunue nyanya kwa mkulima aliyeshuka nazo kutoka milimani, na mkulima yule hataki kusikia habari za simu. Naye anajua kwamba mwisho wa safari ya pesa ya simu kuna ada ya kutoa.

Mtasema pia kwamba kuna kwenye maumivu zaidi. Ni kweli. Uganda mwaka 2018 ilitoza asilimia 1 ya pesa zote za simu, wananchi wakapiga kelele, ikashuka hadi nusu ya asilimia na kubaki kwenye kutoa tu. Majirani zetu wa Holili, ng'ambo ya Taveta, waliletewa tozo za miamala Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 za Tanzania kwa muamala mmoja. Kelele zilisikika hadi soko la Taveta, na baada ya wiki chache tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Nawaeleza haya ili mjue ugonjwa wa kukwepa unaambukiza kuvuka mpaka, na kwamba huko kwingine hata wakubwa waliambukizwa, wakazipunguza tozo.

Sasa nafika kwa mshtakiwa ambaye sikutarajia kumtaja. Tarehe 16 Machi 2020, ofisi yako, ikiwa chini ya mtangulizi wako, ilitangaza kwamba kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 ni bure, na kuhamisha pesa kati ya benki na simu ni bure pia. Kutuma 1,000 kulikuwa bure hadi mwisho wa mwaka huo. Benki na simu ziliendelea bure hadi Januari 2023. Sikusikia benki iliyofungwa kwa sababu hiyo, wala mnara wa simu ulioanguka. Kumbe kiongozi wa genge alikuwa Barabara ya Haile Selassie, ofisini kwako! Ada ya kutoa haikuguswa, na ndiyo tunayokimbizana nayo mpaka leo.

Sisi wa Taita Taveta tumezoea mali kutupitia. Asilimia 62 ya ardhi ya kaunti yetu ni mbuga za Tsavo, tembo wanakula mahindi yetu wakielekea kupigwa picha, na maji ya chemchemi za Mzima yanateremka kwenda Mombasa huku wengi wetu tukibeba madumu. Pesa ilikuwa kitu cha mwisho tulichodhani kikiingia mfukoni kitakaa.

Nilikuwa nimepanga kukuomba utume wapelelezi stendi, upige marufuku mikebe ya majani ya chai, na umpe makanga notisi ya siku 7. Lakini nimeona hesabu haitoki. Ukiwakamata wote wanaokwepa, selo ya Voi haitatosha, na kila mfungwa ataomba atumiwe pesa ya dhamana na ya kutoa.

Kwa hiyo naomba mlifanye lile mnaloweza. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinasema benki haiwezi kupandisha ada zake bila idhini ya Waziri, ndiyo maana nakala imekwenda kwake: kalamu anayo. Na kwa upande wa simu, nyinyi ndio wasimamizi wa mifumo ya malipo. India, benki kuu yao imeagiza mwenye akaunti ya akiba apewe angalau mara 5 za bure kila mwezi kwenye mashine za benki yake. Tunaomba mwenye akaunti ndogo naye apewe hizo chache za bure hapa kwetu. Tunaomba pia anayetoa chini ya shilingi 1,000 atozwe kulingana na anachotoa, asibebe 29 ileile ya mwenye 2,500.

Mkitengeneza hilo, nitaifuta kesi yangu na makanga atarudi kuita abiria. Mkikataa, basi tangazeni waziwazi kwamba maskini ndiye mfadhili mkuu wa mfumo wa fedha wa Kenya, na mpeni angalau kiti kwenye bodi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wa Voi