Masurufu Langoni

Miguuni mwa ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa magharibi wa Ziwa Manyara, chemchemi hububujika kutoka mawe na kuulisha msitu wa mikuyu usiokauka hata kiangazi. Hapo ndipo wanyama wa pande zile walipochezea ngoma yao. Vuli ilipokaribia walishuka kutoka Karatu, wengine wakitokea Mto wa Mbu, wakajenga vibanda vya majani na kulala uwanjani usiku 3. Vigogota walipiga ngoma, hondohondo wakapuliza mabaragumu, na simba, kwa kiapo cha siku hizo, walijinyoosha juu ya matawi ya migunga bila kumgusa yeyote.

Swali lililowagawa halikuhusu nani acheze mbele. Lilihusu tumbo. Je, ubebe masurufu kutoka nyumbani, au ufunge simbi zako kibindoni ukanunue huko huko?

Mwaka ninaoanza nao walibeba karibu wote. Mvua za masika zilikuwa zimewapita, simbi zilikuwa chache, na kila mzazi aliwaambia wanawe kwamba kula kwa kununua ni mambo ya wenye nacho. Tumbili alikuja na mkungu mzima wa ndizi mbivu, zile nyekundu za Mto wa Mbu. Pofu alipika makande, akayafunika yangali ya moto ndani ya chungu, akakaza mfuniko kwa majani ya mgomba. Nyumbu hakubeba kitu, kwa kuwa ukoo wake tangu zamani hufuata nyasi zilipo na haujui kuweka akiba ya kesho. Alitegemea kuchungulia vyungu vya wenzake. Panya Buku alijaza mashavu. Mungu amempa mifuko ndani ya mashavu, na humo alipakia karanga za kukaanga, mbegu kavu za maboga na vipande vya makopa, mpaka kichwa kikawa kipana kuliko mwili.

Katika hao wote, Panya Buku peke yake ndiye aliyefikiri. Makande yaliyofunikwa yakiwa ya moto hukaa vuguvugu usiku kucha, na uvuguvugu ndio unaochachusha. Alfajiri Pofu alifungua chungu akakuta povu. Kwa kuwa aliona dhambi kutupa chakula, aliwalisha wanawe, na watoto wale waliisikiliza ngoma yote wakiwa nyuma ya vichaka. Ndizi za Tumbili zilikuwa nyeusi kufikia adhuhuri ya siku ya pili. Angebeba mbichi, angekuwa anazichoma jioni ya tatu huku wenzake wakimeza mate. Anayebeba chakula cha ngoma ya kulala hutanguliza swali la uhai kabla ya swali la utamu: kipi kitakuwa bado ni chakula keshokutwa? Ni kile kilichokaangwa kikakauka, kilichoanikwa juani, au kilichobaki ndani ya ganda lake.

Pembeni mwa uwanja alikuwepo Mama Kanga na mafiga yake. Mama lishe huyu aliondoka kwake usiku, watoto 7 wakimfuata, kila mmoja na ukuni mgongoni. Alikopa unga wa ulezi kwa Kuchakuro, akateka maji ya chemchemi, akakoroga uji. Bakuli moja aliliuza simbi 1. Hakupata mteja. Wenye vyungu walikula vibandani mwao, wamegeuza migongo ili Nyumbu asione, na waliokosa chakula kwa kuharibikiwa waliona aibu kununua mbele ya majirani. Jioni ya pili alimwaga uji uliopoa, kongoti wakaugombania, naye akazima moto akarudi Mto wa Mbu na deni la unga.

Usiku wa tatu mvua ikashuka. Mafurushi yakalowa, makopa yakawa tope, watoto wakatetemeka. Ndipo uwanja mzima ulipoanza kuulizana, Mama Kanga yuko wapi? Katika ngoma ya watu mamia hapakuwa na moto hata mmoja wala kitu cha moto cha kutia tumboni. Kila mtu alijitegemea, na hakuna aliyekuwa na haja na mpishi mpaka dakika ile ambayo mpishi alishakwenda.

Nyani Mzee, mwenyekiti wa kamati, aliliona pengo hilo kabla matope hayajakauka. Mwaka uliofuata mpiga mbiu alipita vijiji vyote kutangaza kwamba chakula, maji na kuni kutoka nje ni marufuku. Sababu zilizotajwa zilikuwa usafi wa uwanja na huruma kwa mama lishe, ambaye jamii ilimtupa. Wengi walitikisa vichwa kwa kuguswa. Fisi akasimamishwa langoni, kwa kuwa hakuna pua inayonusa furushi kwa mbali kumshinda.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Digidigi, mtoto ubavuni.

"Marahaba, mwanangu. Hicho nini kwapani?"

"Makopa kidogo, mzee. Ya mtoto."

"Mtoto atakula ndani. Kamati imefikiria yote."

"Na alfajiri, kabla wapishi hawajawasha moto?"

"Alfajiri ni wakati wa kulala. Weka hapo."

Furushi likawekwa rundoni. Panya Buku alipofika, Fisi alimbana mashavu mpaka karanga ya mwisho ikatoka. Wanakamati walipita wamefumba midomo, Fisi akawapigia saluti.

Ndani, chemchemi ilikuwa imezungushiwa miiba na maji yakauzwa kwa kata. Ziwa lilikuwepo, pana mpaka upeo wa macho, lakini maji yake ni ya magadi. Heroe hushinda humo wakichuja chakula chao, ila mwenye kiu akiyanywa huongeza kiu. Mama Kanga naye alirudi, na safari hii foleni yake ilizunguka mkuyu. Asubuhi ya kwanza bakuli lilikuwa simbi 2. Jioni likawa simbi 3. Adhuhuri ya siku ya pili likafika 5, na walionunua walinunua huku wakimtukana. Walisema ndege huyu ametajirika kwa njaa yao. Walisema bora wasingemwonea huruma.

Siku hiyo hiyo Bweha, mpwa wake Fisi, alifungua kibanda cha ndizi za kuchoma. Tumbili alisimama mbele ya kibanda kile muda mrefu. Mwaka huo alikuwa amebeba mbichi, na mkungu uliokuwa ukining'inia nyuma ya Bweha ulikuwa na kamba yenye fundo alilolifunga mwenyewe nyumbani kwake. Alinunua ndizi 2 kutoka mkungu wake, akalipa simbi 4.

Mama Digidigi alihesabu kilichobaki kibindoni: simbi 2. Alimwamsha mtoto usiku wa pili wakaondoka, na wakiwa njiani bado walisikia baragumu. Kesho yake wakaondoka wengine wa kimo chake: sungura, pimbi, kanu. Vigogota, walioahidiwa malipo yao baada ya usiku wa mwisho, walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu juzi. Jioni ya tatu waliruka kwenda kutafuta wadudu katika magogo ya mbali, hawakurudi. Wakabaki wenye simbi nyingi, wakitazamana kando ya ngoma zisizo na wapigaji.

Mimi niko upande wa furushi, na nalisema hili bila kusita. Hata asiyelifungua analo jambo: anaweza kumwambia muuzaji kwamba bei hiyo haiwezi, akageuka akaenda zake. Mnyang'anye furushi langoni, nawe umempa aliye ndani ruhusa ya kutaja bei yoyote, tena umemfundisha mtoto kwamba njaa yake ni mali ya mwenye uwanja. Yote haya yalifanywa kwa jina la mpishi maskini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko ndizi za Tumbili.

Bibi Tembo aliitisha baraza chini ya mkuyu mkubwa. Kelele za kwanza zilimwangukia Mama Kanga. Aliulizwa kwa nini uji wa simbi 1 umefika 5. Hakulia wala hakuapa. Alipanga mabakuli 10 matupu mbele ya baraza.

"Haya 4 ni ya kamati, kodi ya kiwanja, niuze nisiuze. Haya 2 ni ya maji niliyoteka bure mwaka jana. Hili 1 ni la kuni, maana zangu zilibaki langoni nikauziwa za Fisi. Haya 2 ni unga wa Kuchakuro. Limebaki 1, na nina watoto 7. Kila jioni kamati ikipandisha maji, nami napandisha uji. Ninyi mnaniona mimi kwa kuwa ndiye ninayeshika upawa."

Baraza likanyamaza. Nyani Mzee akasimama kujibu, maneno yakimtoka kwa taabu kana kwamba ulimi umekosa nafasi. Alisema kamati nayo imeteseka. Imefunga siku 3 pamoja na wananchi. Haikula kitu.

"Mzee, kwa heshima yako," alisema Panya Buku, "fumbua mdomo."

"Mtoto hamwamuru mzee."

"Mimi ni mkubwa kwako," alisema Bibi Tembo. "Fumbua."

Watu hawakumbuki kwamba nyani naye ana mifuko mashavuni. Zikamwagika karanga, moja moja kwanza, kisha kwa wingi, na Panya Buku akazitambua kwa rangi, kwa sababu yeye hukaanga zake ndani ya mchanga mpaka zikaiva sawasawa pande zote. Fisi alicheka kwa sauti, kisha akakumbuka nani alikuwa langoni.

Mbayuwayu, aliyewasili juma lile kutoka Uingereza akikimbia baridi, aliomba neno. Bibi zake, alisema, walijenga viota katika zizi la shamba la maziwa kijijini Pilton, jimbo la Somerset. Mwenye shamba, Michael Eavis, alianzisha ngoma katika malisho yake mwaka 1970. Kiingilio kilikuwa pauni 1, na ndani ya pauni hiyo mlikuwa na maziwa ya shambani ya bure. Siku hizi wanaokusanyika hapo ni zaidi ya 200,000, wanalala katika mahema, vibanda vya chakula havihesabiki, na bado mtu hupita langoni na mkate wake na kinywaji chake. Kinachokataliwa ni chupa za kioo, kwa kuwa vigae hubaki ardhini na ng'ombe watarudi kulisha pale pale.

"Na mama lishe wa huko wanakufa njaa?" aliuliza Mama Kanga.

"Wana foleni," alisema Mbayuwayu. "Aliyekula mkate mkavu asubuhi, jioni anatamani cha moto."

"Hayo ni ya Uingereza," alisema Nyani Mzee, sauti sasa ikimtoka vizuri. "Sisi tuna desturi zetu."

"Desturi yetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bibi Tembo. "Sikuwahi kusikia mgeni njoo upekuliwe." Akaenda kwenye chemchemi, akaing'oa miiba kwa mkonga wake, akaitupa huko ziwani, na waliokuwa na kiu hawakungoja baraza lifungwe.

Waliyokubaliana hayakuwa mengi. Masurufu yapite, kuni zipite. Fisi abaki langoni, ila atafute vioo na miiba inayochoma kwato. Kodi ya kiwanja iwe bakuli 1 katika 10, nayo ilipwe baada ya kuuza. Nyani Mzee aliendelea kuwa mwenyekiti, jambo ambalo mimi nisingelikubali, lakini alikuwa na ndugu wengi.

Mwaka wa tatu, alfajiri ya kwanza, Mama Kanga alipuliza moto akatangaza, "Uji simbi 2!"

Mama Digidigi alimwamkia, akakaa mbele ya mafiga, akafungua furushi na kumpa mtoto kipande cha kopa.

"Jamani, mwenzangu! Unatafuna kikavu mbele ya uji wangu?"

"Simbi 2 sina, dada. Ya asubuhi nimekuja nayo. Jioni ikiwa 1, utaniona mimi na mtoto."

Mama Kanga akatazama maji, ambayo sasa yalikuwa bure, akatazama kuni za watoto wake. "Ya jioni 1, sawa. Lakini mwaka ule wa kwanza nilimwaga chungu kizima kwa kutojua nani angekuja. Niambieni mapema mko wangapi, nijue unga wa kukoroga."

Wakaweka kibuyu karibu na mafiga. Kila aliyetaka uji wa jioni alitia kijiwe 1 na simbi 1. Mama Digidigi alitia 2. Panya Buku alitia 1, akaongeza kiganja cha karanga ziwekwe katika uji wa vigogota, wanaopiga ngoma mpaka usiku wa manane. Pofu alitia 6, na chungu chake cha makande alikuwa amekiacha nyumbani. Adhuhuri kibuyu kilipomwagwa, Mama Kanga alihesabu vijiwe 143 na simbi 142.

Akamtazama Nyumbu. Nyumbu akatazama nyasi.

"Haya, baba," alisema Mama Kanga, akimpa shoka, "kuni zinaishia saa 10. Gogo liko kule nyuma ya mkuyu."