Sifa za Alizeti Mwitu

Waridi lina washairi wake, na asumini vilevile. Leo acha nisimame upande wa alizeti mwitu, ile iliyojipanga mipakani mwa mashamba ya Lushoto, Maseno na Kisii, ndefu kumpita mwenye shamba, imejaa maua ya manjano ambayo hakuna bibi harusi aliyewahi kuyaulizia.

Nasaba yake ni ya mbali: Meksiko na Amerika ya Kati. Ililetwa iwe pambo la bustani. Ilipomaliza bustani ikaona si haki kuzinyima uzuri barabara, kingo za mito na shamba la jirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe, tena la shingoni, akachipua upya pale pale lilipompiga.

Waridi hulitilii samadi, likanuna, hulipogoi, likanuna, vidukari wakitua, limekwisha. Alizeti mwitu unaikata kwa panga hadi usawa wa ardhi, na mvua ikinyesha imerudi na ndugu zake. Kijiti ulichokitupa nyuma ya choo kinatoa mizizi. Mbegu zake husafiri kwa upepo, kwa maji na kwa viatu vyako mwenyewe. Asemaye udongo wake haushiki kitu hajawahi kuipanda.

Tabia yake ni ya kujiheshimu. Majani ni machungu, hivyo ng'ombe huyaonja shingo upande. Mbuzi, ambaye hana makuu, hula. Wapo wanaoyachemsha kutibu tumbo, na uchungu wa maji yale unatosha kumfanya mgonjwa atangaze kwamba amepona.

Hata wasomi imewapa kazi. Miaka ya 1990 watafiti wa magharibi mwa Kenya waliyapima majani yake yakiwa makavu, wakakuta naitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi karibu asilimia 0.4 na potasiamu asilimia 4 hivi. Ukiyafukia shambani yanaoza upesi na mahindi yanaona faida. Tena si jamii ya kunde, haivuti naitrojeni hewani. Mali yote hiyo imeichota ardhini, na mizizi haiulizi mpaka uko wapi. Kasoro ndogo ni kwamba jani bichi kwa sehemu kubwa ni maji, kama asilimia 80. Ukitaka tani 5 za majani makavu kwa hekta moja, utakata na kubeba tani 25 za mabichi. Mkulima akisita huambiwa hapendi teknolojia mpya. Anayemwambia hivyo kwa kawaida amekuja na gari.

Ughaibuni inaheshimiwa kuliko kwetu. Kila Novemba watu wa Thailand hufunga safari hadi milima ya Mae Hong Son kuitazama ikichanua. Afrika Kusini wameiingiza kwenye sheria, katika orodha ya mimea vamizi. Ni maua mangapi yanayoogopwa na serikali nzima?

Anayetaka mbegu au kijiti aje kwangu na panga, achukue bure, hata gunia. Namwomba tu asidondoshe chochote njiani, na akishaipanda asinitaje kwa jirani yake.