Kiatu cha Gofu Kwenye Lami? Aka!

Msyuuu! Siku hizi kiatu cha gofu ndiyo raba ya mtaani. Mtu anashuka daladala Karume, jinzi imembana, chini katupia Ecco, anatembea kwa maringo. Muulize anacheza wapi, Lugalo au Gymkhana? "Sichezi mzee, nimependa tu soli." Haya bwana.

Aliyelikoroga ni mcheza gofu Fred Couples. Aprili 2010 huko Augusta, Marekani, mzee mzima wa miaka 50 kaingia kwenye mashindano ya Masters na kiatu cha Ecco, hao Wadenmaki, ukikiona utasema cha tenisi, na soksi hana! Siku ya kwanza kapiga mikwaju 66, akaongoza. Mwisho wa mashindano yuko wa sita. Baada ya hapo nani atake tena kiatu cha meno? Kampuni zikakimbilia soli ya vinundu vya raba. Na yale meno ya chuma ya zamani siyalilii, yalichimba grini na kuharibu mazulia, mpaka miaka ya 1990 klabu zikaanza kuyapiga marufuku, yakaja ya plastiki.

Sasa ninaposonya ni hapa. Wanakwambia kiatu kimoja, uwanjani na mtaani. Uwanjani sina ugomvi: mashimo 18 kwa mguu ni kama kilomita kumi, kiatu chepesi ni nafuu. Lakini vile vinundu ni vya nyasi, jamani! Lami inavisaga. Bosi anavaa Jumatatu mpaka Ijumaa, ofisini, sokoni, baa. Jumamosi alfajiri nyasi zina umande, anazungusha fimbo, mguu unaserereka, mpira unaishia vichakani. Analaumu fimbo! Kedi wake, yule mbeba fimbo, kashaiona soli, ila kedi hasemi, anataka bakshishi.

Na nyie wa mtumba, acheni kununua kwa macho. Kigeuze. Pitisha kidole gumba kisiginoni na ukingo wa nje. Vinundu vikiwa bapa, umeuziwa kandambili ya bei mbaya. Kikunje: kipinde penye vidole, siyo katikati. Kishike ncha hizi na hizi ukinyonge. Kikijikamua kama tambara la deki, rudisha, maana ukipiga mpira mwili unageuka na kiatu kinatakiwa kikushike. Halafu minya ile sponji ya soli. Viatu vingine vimelala stoo miaka, unyevu umekula sponji kwa ndani, kwa nje vinang'aa. Hatua chache tu, soli inamwagika unga barabarani.

Muuzaji wa kiatu cha meno naye: "Ng'oa meno tu kaka, inakuwa raba." Aka! Ukiyang'oa unabaki umekanyagia vile vitako vya plastiki ngumu. Ingia navyo kwenye marumaru ya benki, utapiga mwereka mbele ya foleni nzima.

Kile kisichopitisha maji kingoje masika. Kwa joto la Dar mguu unachemka humo, na harufu yake tutaipata sisi hapa kijiweni.

Anayecheza kweli anunue pea mbili, ya nyasi isiguse lami. Asiyecheza avae mpaka vinundu viishe, nani atamdai? Ila asinitokee na kile cheupe chenye mashada juu ya kamba. Hicho hata Couples alikikimbia.