Sebule Iko Wapi?

"Sebule iko wapi?" mteja aliniuliza, akiwa amesimama katikati ya sebule.

Hakuwa anatania. Alikuwa ametoka Mbagala mpaka Goba, daladala mbili na bodaboda juu, kwa sababu ya video niliyoirusha mtandaoni asubuhi ile. "Ndiyo hii, bosi," nikamwambia. Akacheka, akidhani mtani ni mimi. Halafu akaacha kucheka.

Akatoa simu, akampigia mkewe kwa video. Simu yake ilikuwa ya kawaida, ina kamera moja na kioo kimepasuka kona. Akaizungusha taratibu, ukuta kwa ukuta, kazi iliyomchukua muda mfupi mno.

"Mama, unaona?"

"Naona korido," mama akajibu. "Sebule umeshaipita?"

Mwenye nyumba, aliyekuwa mlangoni na funguo zake, akakohoa. Huyu ndiye aliyeniambia siku ya kupiga picha, "Mwanangu, hakikisha inaonekana kubwa." Sasa alikuwa ananitazama kwa mshangao, utadhani ndiyo kwanza tumekutana.

"Na hicho kiti mbona cha watoto?" mama akauliza.

Kilikuwa kiti cha plastiki chekundu, cha chekechea, kimeandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya maka. Mpangaji aliyehama alikiacha, nami nilikikuta kona ile ya mwisho. Kwenye video kilionekana kiti cha mtu mzima kilichoko mbali sana. Tangazo langu linataja vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, LUKU yako mwenyewe, maji ya DAWASA, fensi na maegesho. Neno kiti halimo. Anayetaka kunishitaki kwa kiti aanze kwa kunionyesha nilipokiandika.

Mteja akajaribu kukikalia, ili apime. Magoti yakamfika kifuani. Mkewe, bado yuko hewani, akasema, "Baba, rudi nyumbani." Elfu kumi yangu ya kuonyesha nyumba sikuthubutu hata kuikumbusha.

Watu husema madalali ni waongo. Naomba nieleze lenzi, maana haijapata mtu wa kuitetea.

Kamera ya kawaida ya simu huona upana wa nyuzi kama 80. Ile tunayoiita pointi faivu huona kama 120. Apple waliiingiza kwenye iPhone mwaka 2019, na sidhani kama kuna mtaalamu yeyote wa nyumba aliyewahi kuifanyia sekta hii kazi kubwa kuliko hiyo. Ukisimama kwenye kona ya chumba cha futi kumi kwa kumi na kamera ya kawaida, unapata dirisha na nusu ya ukuta. Ukiwa na pointi faivu unapata kuta, dirisha, mlango, dari, na usipoangalia, vidole vya miguu yako. Hapo ndipo utamu unapoanza. Kitu kilicho futi moja kutoka kwenye simu huonekana kikubwa mara kumi kuliko kitu cha ukubwa uleule kilicho futi kumi. Ubongo wa mtazamaji hauna habari kwamba umeegemea ukuta huku kitasa kinakuchoma mgongoni. Unaona kilicho karibu ni kikubwa, kilicho mbali ni kidogo sana, na wenyewe unapiga hesabu: basi hapa pana ukumbi. Simu inashikwa usawa wa kiuno, wima kabisa, maana ukiiinamisha kidogo tu kuta zinaanguka. Mapazia yote wazi. Taa zote zinawashwa hata saa sita mchana. Na kwa kuwa lenzi hii inajitahidi kunyoosha mistari, vitu vya pembeni vinavutwa, kwa hiyo usimsimamishe mwenye nyumba pembeni. Nilimsimamisha mmoja. Alinenepa, na hajanisamehe.

Sasa, katika yote hayo, uongo uko wapi? Sijachora ukuta wala sijafuta ukuta. Nimesimama tu mahali ambapo mpangaji hatasimama kamwe.

Na lenzi ni cha mtoto ukilinganisha na mnada. Mtu akifungua Facebook au Instagram, kabla tangazo halijamtokea, mnada unafanyika na kwisha hajapepesa jicho. Kinachonadiwa ni nafasi moja kwenye kioo cha mtu huyo, na mimi na nyumba yangu ya Goba tunaigombea na muuza wigi, benki, kampuni ya kubeti na dalali mwenzangu wa Madale. Mnada wa Pugu, mwenye hela nyingi ndiye anayeondoka na ng'ombe. Huku ng'ombe anakuangalia usoni kwanza. Meta wenyewe wanaeleza hesabu yao: dau lako linazidishwa na makadirio ya uwezekano wa mtu yule kufanya unachotaka afanye, tuseme kubonyeza au kutuma ujumbe, kisha inajumlishwa alama ya ubora wa tangazo. Ndiyo maana mwenye dau dogo anaweza kumpiga chini mwenye dau kubwa. Nilipoielewa hesabu hii nilikosa usingizi kwa raha. Mashine inakaa usiku huu inampigia ramli dada fulani wa Tabata, kama atabonyeza sebule yangu au hatabonyeza, na dada wa watu amelala.

Tatizo ni kwamba mashine hujifunza kwa wanaobonyeza. Na nani anayebonyeza matangazo ya nyumba kiangazi na masika? Madalali. Hela yangu ikaenda kunitafutia madalali wa jiji zima, ikanifungulia mlango wakaingia wote: "Mkuu, nyumba bado ipo? Nina mteja wa uhakika. Tunagawanaje?" Kila mmoja ana mteja wa uhakika. Mteja mwenyewe nikikutana naye huwa amefika kwa kuelekezwa na fundi bomba.

Wasiokuwa madalali huuliza bei. Nimeandika 350,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita, kwa herufi kubwa, mstari wa kwanza. Chini yake: "Bei?" "Bei gani?" "Mbona hamwekagi bei?" Wenzangu wajanja huificha makusudi, wanasema njoo inbox, maana kila anayeuliza anaongeza uhai wa posti. Mimi niliyeiweka wazi ndiye ninayetukanwa kwa kuificha.

Mpaka hapo nacheka. Kuna jambo moja silicheki.

Kuna mtu alichukua video yangu ya chumba cha Kimara, akaipandisha kwenye mtandao mwingine kabisa, ambao mimi hata akaunti sina, akapunguza kodi karibu nusu. Siku moja binti akafika getini na kirikuu: godoro, jiko la gesi, ndoo, begi moja. Ameshatuma kodi ya miezi mitatu kwa simu. Ndani kuna mpangaji anapika wali. Nikaitwa, nikaja, nikafungua mdomo kumsalimia, binti akaruka: "Huyu ndiye! Sauti ni yake!" Na kweli sauti ilikuwa yangu. Majirani wakatoka. Mjumbe akaitwa. Nilijitetea karibu saa nzima kwa sauti ileile iliyokuwa inanifunga. Dereva wa kirikuu akataka hela ya kusubiri, binti hana, nikalipa mimi. Niliuripoti ule ukurasa, nikajibiwa kwamba hauna kosa. Kesho yake ulikuwa na nyumba nyingine.

Hebu tuhesabiane. Mwenye nyumba analipwa miezi sita kabla mpangaji hajalala hata usiku mmoja. Mtandao unakata hela ya tangazo mteja apatikane asipatikane. Kampuni ya simu ina chake kila hela inapotumwa, hata ikitumwa kwa tapeli. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo mpangaji akinunua umeme analipia na jengo lisilo lake. Dalali, ambaye mji mzima unamwita mwizi, anapata kodi ya mwezi mmoja baada ya mkataba kusainiwa, ikiwa mteja na mwenye nyumba hawajakutana usiku wakasaini bila yeye. Hukutana sana.

Mengine ni madogo. Nilirusha matangazo mubashara nikafungua mlango wa masta, mpangaji hajahama, na alikuwa anaoga. Niliandika "dakika tano kutoka lami", mteja akaja na saa, tena masika. Status ya WhatsApp niliyomfichia mama mkwe ndiyo pekee aliyoiona.

Na nyumba moja ya Tabata ilipata watazamaji wengi kuliko zote nilizowahi kurusha, kwa sababu nyuma yangu jogoo alikuwa anapigana na pazia. Hakuna aliyepiga simu kuulizia nyumba. Mwenye nyumba ndiye aliyepiga: ameona inavyotazamwa, kwa hiyo amepandisha kodi.