Kaizari Kaanguka Tena

Nikiwa kidato cha tatu nilipewa nafasi ya Kaizari katika *Juliasi Kaizari*. Si kwa kipaji: bweni zima, shuka langu tu ndilo lililokuwa jeupe. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: niongee kwa maringo, nichomwe visu, nife. Nikafa kabla ya visu. Hatua ya pili tu jukwaani, ubao uliokwishaliwa na mchwa ukaachia, nikazama hadi kwapani. Wala njama wakabaki wanatazamana, visu vya mbao mkononi, hawana wa kumuua. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mwaka 1963, akairudia kazi hiyo na kuitoa upya mwaka 1969, lakini mara zote mbili hakuandika popote kwamba Kaizari anaomba avutwe.

Leo nina duka Levolosi, Arusha, si mbali na soko la Kilombero, na ni katibu wa kamati ya wahitimu ya kukarabati ukumbi uleule. Shule yenyewe siitaji. Bado inanidai kitabu cha maktaba.

Kikundi chetu cha WhatsApp kina watu 164. Ukitangaza mchango, majibu yanamiminika: "Tuko pamoja", "Mungu awatangulie", na viganja vilivyobanwa kwa sala. Miezi miwili ilipokwisha tulikuwa na ahadi za shilingi milioni 11 na taslimu 47,000. Katika hizo, 20,000 zilikuwa za mtu aliyekosea namba akimlipa fundi cherehani. Aliomba arudishiwe, tukamrudishia, naye akaandika, "Tuko pamoja."

Usiku mmoja nikaamua kuandika kikumbusho chenye uchungu: "Jamani, tusifichane. Umezeeka. Rangi imebanduka, nyuma umelika, na ukiguswa unalia. Lakini tukichanga hata kidogo kidogo, utapendeza mbele ya wageni." Nikatuma, nikalala. Kumbe nimetuma kwenye kikundi cha kamati ya harusi ya shemeji yangu, chini kabisa ya picha ya bibi harusi.

Mimi nilikuwa nausema ukumbi. Kwa bahati mbaya, Kiswahili kimeupa ukumbi na "wewe" kiambishi kimoja. Asubuhi nilikuta simu 23 nilizokosa kupokea, sita zikiwa za shangazi wa bibi harusi. Nilimweleza habari za ngeli kwa utulivu. Akanijibu, "Baba, hizo ngeli zako utakuja kuzieleza kwenye kikao." Kikaoni nikatozwa kreti mbili za soda. Harusi, tofauti na shule, haipokei ahadi.

Wenzangu nao hawakukosa majibu. Mmoja, niliyemkumbusha laki mbili zake kwa mara ya nne, alinisomesha Azimio la Arusha: kwamba fedha si msingi wa maendeleo, msingi ni watu. Nikamwambia ni kweli kabisa, na kwamba ukumbi ule wa Kaloleni ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha Azimio Januari 1967 ni mwendo mfupi tu kutoka dukani kwangu. Aende akaukague. Waliosema maneno yale walikuwa wamesimama juu ya sakafu.

Mwishowe kamati ikasema watu hawachangii wasichokiona. Nikachukua bodaboda hadi shuleni kupiga video. Mlangoni nikamkuta mwalimu wetu wa Kiswahili, mstaafu sasa, amekuja kunisindikiza kwa fimbo yake ya kutembelea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kaizari. Siku ile ulitoka jukwaani bila ruhusa."

Nikampa kijana mmoja simu arekodi. Pazia la bluu lilikuwa limebaki kamba na vyuma. Popo walikuwa safu ya mbele. Nikapanda jukwaani, nikakunjua mkono kama mgeni rasmi: "Ndugu wahitimu, tazameni wenyewe hali ya mbao hizi..." Wakazitazama. Ubao ukalia mara moja, nami nikashuka hadi kwapani, palepale. Kwenye video anasikika Mwalimu, bila kupandisha sauti, akisema, "Safari hii umekariri vizuri."

Yule kijana aliituma kabla hajanivuta.

Kwa siku tatu simu ya mweka hazina haikupoa. Watu waliokuwa kimya tangu kikundi kianzishwe walijitokeza, wakatuma pesa na maelezo: "Ya ubao", "Ya shuka jipya", "Ya kumwona tena". Msomi wa Azimio alituma laki mbili zake zote, akaomba video isiyokatwa. Zikafika milioni 2 na laki 3, na fundi akaanza kung'oa jukwaa wiki iliyofuata.

Juzi mweka hazina kapita dukani, kanunua betri asizozihitaji, kakaa.

"Jukwaa limetosha, katibu. Limebaki paa."

Nikamwambia tutaandika kikumbusho kingine.

"Kikumbusho, sawa," akasema, akiangalia dari la duka langu. "Hivi wewe, ngazi unapanda?"