Namna ya Kumnyima Kuku Mgeni Asiyepiga Hodi

Kwetu Kisa, hapa Khwisero, mgeni hujulikana tangu uani. Hupiga hodi, akajibiwa mulembe, akaonyeshwa kiti, ndipo mtoto anapotumwa kumkimbiza jogoo nyuma ya jiko. Hodi ina kazi yake: humpa mwenye nyumba nafasi ya kuchungulia na kujua ni nani aliye mlangoni kabla ya kisu kunolewa. Sasa yupo mgeni mwingine anayeingia Khwisero bila hodi. Hapiti uani, hupitia kwenye kivinjari, ile programu ya Chrome, Firefox au Opera Mini unayoifungua ili kuomba mkopo wa HELB, kuchagua kozi KUCCPS au kulipia cheti kwenye eCitizen. Akishaingia humla kuku mzima na firigisi huidai. Mwongozo huu ni wa kumnyima hata shingo.

Uanze kwa kuujua mlango wenyewe. Wengi hudhani kivinjari ni kioo, kwamba unachungulia yaliyo upande wa pili na hayo ya upande wa pili hayawezi kukugusa. Sivyo. Tangu 1995, Brendan Eich alipoiandikia kampuni ya Netscape lugha ya JavaScript, ukurasa wa tovuti umekuwa ukija na vibarua wake, na kompyuta yako ndiyo inayowapa jembe. Picha ina mpishi wake ndani ya kivinjari, video ina wake, hata maumbo ya herufi yana wake. Mpishi akikosea kupima sufuria, mchuzi hufurika, na aliyeutengeneza mchuzi huo kwa makusudi huwa ameficha amri zake katika kile kinachomwagika. Huo ndio mwanya anaopitia mgeni wetu.

Septemba 2023 jambo hili lilionekana waziwazi. Wahandisi wa Apple na maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto waliripoti kwamba kipande cha programu kinachofungua picha za aina ya WebP kilikuwa na kosa la namna hiyo hasa. Kipande hicho kilikuwa ndani ya Chrome, ndani ya Firefox, ndani ya Edge na programu nyingine chungu nzima. Nyumba zilizojengwa na mafundi tofauti zikakutwa na kitasa kimoja kibovu. Google ilitoa kiraka tarehe 11, Mozilla ikafuata kesho yake, na Google ikasema wazi kwamba wako watu waliokuwa tayari wakiutumia mwanya huo. Ilitosha ukurasa wenye picha iliyotegwa kufunguka.

Mafundi wa vivinjari si wazembe, na ni haki kulisema hilo. Tangu Chrome ilipotoka mwaka 2008, ukurasa hufunguliwa katika kitu kama chumba cha wageni: vibarua wake hufanya kazi humo humo, bila ruhusa ya kugusa mafaili yako. Ndiyo maana mwizi wa kweli huhitaji mianya miwili, mmoja wa kukiteka chumba hicho na mwingine wa kutokea humo kwenda ndani ya nyumba. Mianya hiyo miwili hupatikana, lakini kwa jasho.

Basi kiraka kikitoka, kipokee upesi. Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kuliko mahali pengine pote, kwa sababu kiraka hakisomwi na mafundi peke yao. Siku kinapotolewa, mwizi naye hukichukua, akalinganisha programu ya jana na ya leo, akaona palipozibwa. Jana alikuwa akipapasa ukuta gizani, leo ameonyeshwa tundu lilipokuwa, na analotafuta sasa ni nyumba ambazo bado hazijaziba. Kwa sababu hiyo hiyo, tangu Agosti 2023 Google imekuwa ikitoa viraka vya usalama vya Chrome kila wiki, ili siku hizo za hatari zipungue. Siku zilizobaki ziko mikononi mwako.

Najua jibu la Khwisero: bando. Mtu aliyenunua megabaiti zake kwa shilingi za kuokoteza huzima masasisho yote ili zifike jioni. Simlaumu. Ila akizima, azime zile video za WhatsApp zinazojipakua zenyewe, na kivinjari akiache kijisasishe. Akienda mjini Kakamega akapata waifai ya kuaminika, aanze na kivinjari kabla ya kitu kingine chochote.

Tena, kupakua peke yake hakutoshi. Chrome kwenye kompyuta hushusha kiraka kimyakimya, kisha husubiri ifungwe na kufunguliwa upya ndipo kiraka kianze kazi. Katika saiba zetu, yale maduka ya kukodi kompyuta na intaneti, kuna mashine ambazo kivinjari hakijafungwa tangu Jumatatu, kurasa thelathini zimepangwa juu kama sare za shule kwenye kamba. Mvua ya alasiri inaponyesha na stima ikapotea, angalau mashine hizo huzimika na kuamka zikiwa na kiraka. Mwenye saiba asingoje mvua. Afunge kila jioni, afungue asubuhi.

Zipo mashine ambazo hata mvua haizisaidii. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali Windows hiyo ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023. Mianya inayogunduliwa sasa kwenye Chrome hiyo hubaki wazi kwenye mashine ya namna hiyo. Utaambiwa, "Iko sawa, inafungua kila kitu." Uliza toleo la kivinjari kabla ya kuandika nambari ya kitambulisho. Nawe mwenye saiba, najua kompyuta ulizinunua mitumba na faida ya kuchapisha kurasa haitoshi kununua mpya. Linux ni ya bure, huenda vizuri kwenye mashine kuukuu, na hukupa Firefox ya leo. Mtafute kijana aliyesoma kompyuta, mpe siku moja na chakula cha mchana.

Vile viongezo vinavyopachikwa kwenye kivinjari uvipunguze. Kimoja kilichopendwa sana, The Great Suspender, kiliuzwa kwa mtu asiyejulikana mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilikuwa na programu hasidi ndani yake. Mlinzi uliyemwajiri anaweza kuuzwa pamoja na lango lako.

Limebaki la saiba yenyewe. Mwaka juzi nilimpeleka senje, dada yake baba, kutengenezewa PIN ya KRA. Nilipobonyeza sehemu ya kuingilia, kivinjari kikaniorodheshea anwani za barua pepe za wateja waliotangulia, na kila moja ilikuwa na nywila yake imehifadhiwa tayari. Kila walipoulizwa kama nywila ihifadhiwe, mtu alijibu ndiyo. Hapo mgeni hahitaji mwanya wowote, anahitaji kiti tu. Kwenye mashine ya umma jibu ni hapana, kila mara. Fungua dirisha la faragha, nalo likifungwa litafuta nyayo zako, ingawa halitakulinda kama mashine yenyewe ina kitu kinachonakili unachoandika. Ukimaliza toka kwenye akaunti, kisha funga.

Kijana wa pale alikuwa mwema, na alitaka kumsaidia senje kama anavyowasaidia wazee wote: amfungulie barua pepe, amchagulie nywila, amwandikie kwenye kikaratasi. Nilimwomba amwachie kibodi. Senje aliuliza paswadi ni kitu gani hasa. Nikamwambia ni neno la kumjulisha mwenye nyumba, mtu asiyelijua haingii.

"Mwana wanje," akasema, "basi hata wewe hulihitaji."

Akakunjua leso, akafunika nayo mikono yake na kibodi, akatuambia mimi na yule kijana tugeukie ukutani. Tukageuka. Tulisikia kidole kimoja kikitafuta herufi kwa muda mrefu sana.