Marehemu Alikuwa Mkazi wa Wapi?

Baba alipofariki, ukoo mzima uliamini siku hiyohiyo. Zilizogoma kuamini ni karatasi.

Sisi wa Tarime majina mapya hatuna. Tunayo yaleyale, tunayapokezana. Babu akiwa Mwita, mjukuu naye Mwita, katikati anachomekwa Chacha au Marwa. Simama stendi uite "Mwita!" uone: kondakta anageuka, abiria anageuka, na trafiki aliyekuja kuwakagua anageuka pia. Ya baba siyataji. Niseme tu kwamba yalikuwa majina mawili yanayoweza kupishana viti. Kwenye ofa ya kiwanja moja lilikaa mbele, kwenye cheti cha kifo cha RITA likakaa nyuma, na kwenye risiti za kodi ya ardhi halikuwepo kabisa, kwa sababu mlipaji alikuwa baba mdogo na kila akilipa alitaja jina lake. Basi mezani kwa wakili tukawa na marehemu watatu, mmoja wao mzima wa afya, yuko nje kwenye benchi anatafuna karanga.

Wakili alituandalia kiapo kwamba wale wawili wa kwanza ni mtu mmoja. Baba mdogo aliposomewa akauliza kama na yeye yumo.

Nyumba iliyo kwenye kiwanja hicho tuliikuta inaitwa ya ukoo. Baba alipohamia Mugumu, wilayani Serengeti, kwa mke mdogo, aliikabidhi kwa mdogo wake aiangalie kwa niaba ya wote. Makabidhiano yalikuwa ya mdomo, mbele ya wazee na mbuzi, na shahidi pekee asiyekuwa na upande, yaani mbuzi, aliliwa jioni ileile. Mali ya namna hiyo ina wasemaji wengi, ila siku ya kununua bati wote wana msiba mahali.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila pale ambapo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu. Kwa mtu wa mke mmoja hilo ni swali la dakika. Mama alisema mumewe alikuwa mkazi wa Tarime, mabuti yake ya mvua yapo chini ya kitanda, mwenye shaka akayaone. Mama mdogo, aliyeamka usiku kuja kutoka Mugumu kupitia Nyamongo, akajibu kwa upole kwamba ng'ombe wake wako Serengeti, na mwanamume wa Kikurya anaishi waliko ng'ombe wake. Hoja ilikuwa nzito; hata mama alitikisa kichwa kukubali kwanza ndipo akakumbuka yuko upande gani. Kilichotuvusha ni kadi ya mpiga kura, ambayo ilikuwa ya Tarime.

Kabla ya hapo mahakama ilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kikakaa. Mzee mmoja, baba mkubwa wetu, akaeleza ya kwamba nyumba ni ya watoto wa kiume, akianza mkubwa wa nyumba kubwa. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika mila za urithi, hakuwahi kulisoma, lakini mpangilio wake alikuwa nao kichwani neno kwa neno. Dada yangu, mwalimu huko Serengeti, akasimama.

"Baba mkubwa, naomba nikukumbushe kesi ya Holaria Pastory. Mwaka 1990, Mahakama Kuu pale Mwanza, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke ana haki juu ya ardhi ya ukoo sawa na mwanamume, hata kuiuza."

Mzee akafikiri. "Huyo Holaria ni wa ukoo gani?"

"Ni wa Kagera, baba mkubwa."

"Na yeye anaitaka hii nyumba?"

Kikao kilipoacha kucheka, dada alikuwa ameshaingizwa kwenye orodha. Mzee akatia dole gumba kwenye wino, akasaini, kisha akalipangusa kwenye ukurasa wa pili wa muhtasari uleule, mstari wa warithi. Karani wa mahakama aliuliza huyo mrithi asiye na jina ni nani.

Nikateuliwa msimamizi wa mirathi, Fomu Na. 4 mkononi, na miezi minne ya kupeleka orodha ya mali. Sheria ya Usajili wa Ardhi, kifungu cha 67, inataka Msajili aandike kwanza jina la msimamizi mahali pa marehemu, ndipo nyumba iende kwa warithi. Jaribu kuwaeleza binamu kwamba msimamizi si mrithi wakati hati ina jina lako! Salamu zilibadilika ghafla, nikaitwa bosi, na ada za shule za watoto nisiowajua zikaanza kuniulizia.

Kugawana ndiko kulikuwa kwepesi. Hakuna aliyetaka kununua hisa za mwenzake, kwa hiyo nyumba imetoka kwa baba mdogo, imepita kwangu, imeandikwa majina yetu sote. Juzi mpangaji kapiga simu: paa linavuja juu ya kitanda chake, amwambie nani? Nimemshauri aandike barua, tuijadili kikaoni.